Kitabu Kilichomkataza Nyangeta Kulia

Jumamosi. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haijanyesha. Nami nimenuna vivyo hivyo kutwa nzima.

Nimemkosea mtoto, tena kwa mkono wangu wa kuandikia.

Tangu tuhamishiwe kijiji hiki cha ujamaa hapa Mugeta, Nyangeta wa darasa la nne alikuwa akirudi kila Jumamosi kwenye mahame yao. Mama yake amezikwa kule, nyuma ya zizi la zamani. Lori lilipokuja kuhamisha watu lilibeba vyungu, kuku na milango, kaburi halibebeki. Basi mtoto alikuwa anakwenda na ufagio, anafagia, analia weee, kisha anarudi kucheza rede na wenzake. Shangazi yake ndiye aliyenieleza.

Habari ile ilinigusa. Nilipoombwa kuandika hadithi kwa ajili ya watoto wa vijiji vipya, nikaichukua. Msichana nikamfanya mvulana, mama nikamfanya bibi, nikajiona fundi. Mwalimu mkuu alipoisoma akakunja uso. "Machozi ya nini, Mwalimu? Sisi tunajenga taifa." Sikubishana hata kidogo. Nilikikata kilio chote, nikaandika kwamba mvulana aliutupa ufagio, akasahau ya nyuma, akawa mtoto mwenye furaha kijijini. Mwalimu mkuu akanipa mkono.

Nilipenda kusifiwa. Huo ndio ukweli.

Vitabu vilirudi wiki hii kutoka Musoma vilikopigwa chapa, bado vinanuka wino, na jana niliwasomea darasani. Walipiga makofi. Sikumtazama Nyangeta.

Leo nimemkuta amekaa kizingitini kwao, ufagio umeegemezwa ukutani. Si kawaida kumwona hapo Jumamosi, nikamuuliza kulikoni.

"Nilikuwaga naenda kwa mama," alisema. "Leo siendi tena. Kitabu kimekataza."

Vitabu vyote tulivyowahi kuwapa watoto hawa ni vya kuagiza. Chemsha maji. Chimba choo. Panda pamba kwa mistari. Nao wamechemsha, wamechimba, wamepanda. Sasa kimekuja kingine kinachosema tupa ufagio, sahau. Angejuaje kwamba hiki ni hadithi tu?

Macho yake yalikuwa makavu kabisa. Alikuwa anaongea polepole, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa mpaka juu. Nikamwambia kitabu kimekosea.

"Vitabu vinakoseaga, Mwalimu?"

"Aliyekiandika ndiye kakosea."

"Ni nani?"

Nikasema ni watu wa Musoma.

Watu wa Musoma! Sijui neno hilo lilinitokaje. Nimerudi nyumbani najisonya njia nzima. Mtoto anakibana kilio ili anitii mimi, nami nashindwa kumtajia jina langu mwenyewe. Na mimi ndiye ninayewachapa wenzake kwa kusema uongo.

Jumatatu nitavikusanya vitabu vyote niandike ule mwisho wa kwanza kwa kalamu, kimoja kimoja: alifagia, akalia, kisha akaenda kucheza. Mwalimu mkuu atauliza kwa nini nachafua mali ya serikali. Na aulize. Nitamjibu, au nitatetemeka kwanza kisha nimjibu, lakini hilo ni dogo.

Kubwa ni la kesho. Baada ya ibada nitakwenda kwao, nimwambie kwamba watu wa Musoma walipiga chapa tu, aliyeandika ni mimi, na nilimwondolea yule mtoto machozi yake kwa sababu nilimwogopa mtu mzima. Kisha nitamwomba twende wote mahame. Ufagio nitambebea mimi.

Ninachoogopa si kwamba atanikasirikia. Je, tukifika pale kaburini, atalia mbele yangu, au ananitii bado?