Kompyuta ya Chumba cha Mbele

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umesimama vizuri kwa miguu yako miwili, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Wifi hajambo? Na watoto, bado wanagombania kiti cha dirishani? Waambie shangazi yao anawakumbuka. Huku tupo. Baba anakula, analala, asubuhi anakohoa kidogo kama kawaida yake, kisha anadai hajakohoa. Mimi nimechoka, Kaka. Nimetafuta neno zuri zaidi la kuanzia nikalikosa. Nimechoka hata kuongea kwenye simu, ndiyo maana naandika.

Najua mnajiuliza kwa nini mambo hayaendi. Mimi na wewe tulikubaliana vizuri kabisa. Nimalize kuchapa kitabu cha yule mwalimu wa wauguzi, kiwanda cha uchapaji kinipe kazi ya kudumu kama walivyoahidi, nihamie karibu na kiwanda, na Baba aje kwako, maana hawezi kubaki peke yake na macho yale. Nyumba tuipangishe. Baba tulimwambia siku ileile, akasema sawa wanangu, mtakavyo. Kwa hiyo kila kitu kikawa kinangoja kitabu kiishe, na kitabu hakiishi. Wifi aliponipigia kuuliza kama nimeghairi niliumia, lakini sikumlaumu. Mtu akiwa huko kwenu ataona nazembea tu.

Sizembei. Ni kompyuta.

Sikukusimulia mwanzoni kwa sababu niliona ni jambo dogo. Mwalimu mwenyewe kaandika kwa mkono, makaratasi yamejaa sanduku zima, na mwandiko wake nadhani hata yeye huusoma kwa kubahatisha. Nakaa chumba cha mbele tangu asubuhi, nainamia yale makaratasi mpaka shingo inakauka. Halafu katikati ya sentensi, pu, skrini nyeusi. Hakuna onyo, hakuna kusubiri. Unaiwasha, inawaka kama mtu asiye na kosa. Unaendelea, unaanza kuisahau, inazima tena. Mara nyingi ilikuwa mchana jua likiwa kali, lakini hata jioni, kabla sijawasha taa, iliwahi kunifanyia hivyo. Nikajifunza kusevu kila baada ya mstari mmoja. Mkono wangu umezoea hivyo mpaka nikiandika kwa kalamu kidole kinatafuta pa kubonyeza.

Nikamwita yule fundi wa kompyuta wa mtaa wa nyuma, yule tunayemwita Tuiangalie kwa sababu hajawahi kusema hajui. Ukimwambia redio yako inaongea peke yake atasema tuiangalie. Alifungua kasha, na vumbi lililotoka humo ungeweza kupandia maua. Akasema hilo ndilo tatizo, feni imezibwa, mashine inapata joto, ikizidiwa inajizima ili isiungue. Maelezo yake yaliniingia akilini. Baba alikuwepo, ameshika tochi, amefurahi kweli. Unamjua Baba, tangu astaafu ufundi umeme wa hospitali hajapata mtu wa kumsikiliza. Alimweleza Tuiangalie jinsi walivyokuwa wakipuliza vumbi kwenye mitambo ya chumba cha upasuaji, na Tuiangalie kwa adabu zake akaitikia kila neno. Tuliisafisha kwa brashi. Ikakaa vizuri siku mbili tatu, ikazima.

Fundi akarudi. Akafuta ile pesti ya kupoza iliyokauka, akapaka nyingine. Ikazima. Akachomoa vile vibao vya kumbukumbu, akavisugua kwa kifutio cha penseli, akavirudisha. Ikazima. Akabadilisha pawa saplai, kile kifaa cha kuingiza umeme ndani, akaleta nyingine kutoka kwake, akasema hii ikizima na mimi naacha ufundi. Ikazima kabla hajafika kona. Hajaacha ufundi, lakini alianza kunikwepa sokoni. Na kila mara Baba alikuwa pale na tochi yake, anakunja uso, anasema itakuwa joto hilo, itakuwa joto tu. Nilikuwa nafarijika kumwona. Nilijisemea angalau taabu hii imempa Baba kitu cha kufanya.

Halafu ikaja siku mbaya. Nilikuwa nasevu ile sura ya kuhudumia watoto wachanga, ndefu kuliko zote, na ikazima palepale katikati ya kusevu. Kuiwasha, faili halifunguki. Tuiangalie alihangaika nalo, akashindwa. Sura nzima imekwenda. Kaka, nililia, tena si kilio cha kujificha. Nililala kifudifudi juu ya makaratasi ya mwalimu nikalia mpaka Baba akaja akasimama mlangoni. Chakula cha mchana hakukigusa, wala cha jioni. Nilidhani ananionea huruma.

Baada ya hapo mashine ikatulia. Ikatulia kabisa, wiki ikapita, nikachapa ile sura upya na nyingine juu yake. Nikamwambia Tuiangalie huenda ilihitaji kunitoa machozi tu ndiyo ipone. Siku moja nikatoka chumbani nimefurahi, nikamwambia Baba kwamba sasa naona mwisho, zimebaki sura chache, tuanze kufikiria kufunga mizigo. Akasema vizuri, mwanangu. Kesho yake ikaanza tena, mara mbili kwa mchana mmoja.

Hapo moyo ulinifa. Msimamizi wa kiwanda alikuwa ameshanipigia na kunieleza bila kuzunguka kwamba mwisho wa mwezi ukipita nafasi anapewa mwingine. Nikambebesha Tuiangalie mashine nzima, nikamwambia kaa nayo kwako, usinirudishie mpaka ujue inaumwa nini. Akaiwasha karakanani kwake ikakesha inawaka, ikashinda inawaka, akaipigisha muziki na picha, haikuzima hata mara moja. Akairudisha anacheka. Alipoondoka nikakaa, nikachapa ukurasa na nusu, ikazima.

Nikampigia nikiwa nimeishiwa nguvu. Akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza: ikizima, printa nayo inafanyaje? Nikamwambia printa haina shida, yenyewe hukohoa tu na kujizungusha kidogo halafu inatulia. Akauliza hukohoa lini. Nikafikiri. Kaka, hukohoa kila kompyuta inapozima. Nimeisikia nikaizoea kama mtu anavyozoea kuku wa jirani. Tuiangalie akasema basi mashine yako ni nzima, hapo umeme unakatika na kurudi, na printa inaamka upya. Tatizo liko kwenye nyaya za nyumba.

Sasa nitamwambiaje Baba? Nyumba hii kaitia nyaya yeye mwenyewe, kwa mikono yake, akakipa kila chumba swichi yake kwenye lile boksi la umeme la koridoni. Fundi mwingine akija kumwambia umeme wake una kasoro, si ataugua? Nikaamua niangalie mwenyewe kimyakimya akiwa amelala mchana, kama kuna waya umelegea au kitu kimeungua. Nikaacha kompyuta inawaka, nikavua viatu, nikatoka.

Nilimkuta Baba kwenye boksi. Alikuwa amenipa mgongo. Mkono mmoja ukutani, mwingine juu ya swichi ya chumba cha mbele. Akaishusha. Akangoja kidogo, kichwa kimeinama upande kama anasikiliza. Printa ikanyamaza. Akaipandisha, printa ikakohoa, akafunga kile kimlango taratibu sana. Alipogeuka akaniona.

Nilimuuliza kama ni yeye siku zote. Akasema ni yeye.

Sitakuficha, Kaka, nilimpandishia sauti baba yangu mzazi. Nilimwambia yote, kazi yangu, shingo yangu, watu wa kiwanda, Tuiangalie wa watu aliyeacha wateja wake kusugua vibao kwa kifutio. Nikamtajia ile sura. Akasema ile ya watoto wachanga hakuikusudia, alijua huwa nasevu, alidhani nikipoteza nitapoteza mstari mmoja au miwili. Nikamuuliza sasa kwa nini, Baba, kwa nini. Alijishika ukutani akakaa kwenye lile benchi la viatu.

"Kitabu kikiisha mimi naondoka," akasema. "Nikaona basi kisiishe upesi."

Nikamwambia lakini ulikubali mwenyewe, ulisema sawa. Kama hutaki, mbona hukukataa?

"Hamkuniuliza," akasema. "Mliniarifu."

Nimelirudia hilo neno kichwani mpaka nimelichoka. Nimekumbuka ile simu yetu, wewe huko na mimi huku, tunapanga chumba atakacholala, dawa zake, nani atampeleka kliniki. Tulipanga mpaka mapazia. Halafu ndiyo nikaenda kumwambia, yeye amekaa hapo sebuleni na alisikia kila kitu. Sisi tulijiona watoto wema kweli, Kaka. Na tulikuwa wema, sikatai. Ila hatukumuuliza.

Nilikaa naye kwenye benchi. Hasira ilikuwa imeisha, moyo ukabaki mtupu. Aliniambia kwamba kwako hana neno baya, Wifi humtendea vizuri, watoto anawapenda, lakini kule yeye ni mgeni wa kuelekezwa choo kiko wapi. Hapa hata macho yakifa kabisa, mkono unajua swichi ilipo. Alisema pia kwamba anaona aibu. Alilisema akitazama miguu yake. Baba yetu, mtu ambaye mafundi wa hospitali nzima walikuwa wakimwogopa, anaona aibu mbele yangu kwa kuchezea swichi. Sikuweza kuvumilia, nikamwambia yaishe.

Kesho yake alikwenda kwenye boksi na utepe mweusi wa umeme, akaifunga ile swichi ya chumba cha mbele isishuke, akaniita nikague. Tangu hapo kompyuta haijazima. Tuiangalie nimemwambia ulikuwa waya, akafurahi, anawasimulia watu jinsi alivyoligundua tatizo kwa simu. Mwache ajisifu, anastahili.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Kitabu kimeisha, Kaka. Kimeisha, nimekisoma tena mwanzo mpaka mwisho, kiko kwenye flashi ndani ya mkoba wangu na mwisho wa mwezi bado haujafika. Ningeweza kukipeleka kiwandani leo. Sijakipeleka. Kila asubuhi naingia chumba cha mbele, nafungua makaratasi ya mwalimu, nachapa. Nachapa chochote. Nimechapa nyimbo za shule, nimechapa majina ya jirani zetu wote wa zamani, na leo nachapa barua hii. Baba yuko nje ya mlango anasikia vidole vyangu, anajua nafanya kazi. Yeye ameacha kuzima. Sasa mimi ndiye nisiyemaliza.

Na kazi ya kiwanda naitaka, sitakudanganya. Naitaka sana, sijawahi kutaka kitu hivi tangu tumzike Mama. Sikuandikii ili unione nimejitoa mhanga. Nikiipoteza nitamkasirikia Baba, najijua, nitamkasirikia polepole kila siku mpaka mmoja wetu afe. Sitaki kufika huko. Ila siwezi pia kutoka chumba hiki nikamwambia kimeisha, wakati najua anasikia nini katika neno hilo. Nimejaribu. Juzi nilifika mpaka mlangoni. Akaniuliza kitabu kimefika wapi, nikasema bado, Baba, bado kidogo. Akaniambia nisijichoshe.

Kwa hiyo nakuomba uje kabla mwezi haujaisha. Tukae naye watu watatu tumuulize anataka nini, halafu tunyamaze mpaka ajibu. Huenda kuna mtu wa kukaa naye hapa. Huenda wewe na Wifi mna wazo ambalo mimi kwa uchovu wangu silioni. Huenda atasema atakwenda, lakini iwe ni yeye aliyesema. Mimi peke yangu siwezi kumuuliza, kwa sababu jibu lake nalijua na kazi yangu naijua, na hakuna wa kusimama katikati.

Msalimie sana Wifi, mwambie aniwie radhi, sijaghairi wala sizembei. Wabusu watoto, mdogo umwongezee busu moja la shangazi. Baba anakusalimu. Sikumwambia nakuandikia, lakini ni mara chache sana hupitisha siku bila kukutaja. Ukija njoo na begi lako tu. Lile lori la mizigo ulilosema umelipata, mwambie mwenye lori asije.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda