Pazia la Kushoto la Mama Sheila

Jumatano. Baridi ya Julai, mawingu tangu asubuhi, na mimi sina raha hata kidogo.

Leo nimepeleka mapazia Donholm kwa Mama Sheila, tunayeimba naye kwaya moja. Jumamosi wageni wanatoka Kakamega kuja kuzungumzia mahari ya binti yake, na kwetu huwezi kukaribisha wakwe na mapazia yaliyochuja. Wanaangalia. Wakirudi nyumbani watasimulia chai, kisha watasimulia madirisha.

Sebule alinipa mimi. Mapande manne ya mahameli ya kijani, bitana ndani, pindo la mkono mwanzo hadi mwisho. Wiki tatu sindano imenichoma vidole. Vyumba vya kulala akampa fundi mmoja wa cherehani kutoka Muthurwa, eti huyo hushona haraka.

Huyo jamaa hubandika pindo kwa gundi ya pasi. Gundi, kama anafunga bahasha. Marinda yake hayalingani hata mawili. Nilipomkuta juu ya ngazi akifunga vyuma vya pazia, nilimsalimia nusu nusu. Kisha nikashika pazia lake mbele ya Mama Sheila, nikatoa somo ambalo hakuna aliyeliomba: kwamba mahameli ina manyoya, kwamba manyoya hulala upande mmoja, kwamba ukipapasa kuelekea chini mkono unapaswa kuteleza, na kwamba watu wa gundi hawawezi kujua mambo hayo. Yeye akaendelea kukaza skrubu zake.

Tukatundika yangu. Mama Sheila akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa.

"Mbona hii ya kushoto inakaa nyeusi kidogo?"

"Ni mwanga wa dirisha," nikamjibu. "Jicho lako halijazoea kitu kizuri."

Akacheka, akaniomba msamaha.

Aliniomba mimi msamaha.

Fundi alikuwa ananyoosha lile pande. Akapitisha kiganja juu yake, mara moja tu, akanitazama. Alinifikia nikiwa getini. "Mathe, ile ya left ishike tena. Sikutaka kuongea mbele ya mwenye nyumba."

Nilirudi ndani nikisema nimesahau mkasi. Nikapapasa kuelekea chini. Mkono ukakwama. Nimelishona juu chini, ndiyo maana linaonekana jeusi kuliko mengine.

Na najua siku yenyewe. Kabla ya kukata huwa nachora mshale wa chaki nyuma ya kila pande, kuonyesha manyoya yanaelekea wapi. Siku ile nilikuwa kwenye simu na dada yangu, nikimsema huyo huyo fundi wa Muthurwa, nikajiambia mshale ni wa wanafunzi.

Miaka yote hii ya kushona, halafu kosa la mtu wa wiki ya kwanza.

Linarekebishika. Nifumue juu, nifumue chini, niligeuze, nishone upya kwa mkono. Nikianza kesho bila kupumzika, nitamaliza Ijumaa jioni. Lakini siwezi kulichukua bila kusema kwa nini, na tangu nifike nyumbani nimekuwa nikijitafutia njia. Wageni hawatajua. Kwaya nzima hainijui kama mtu wa kukosea. Nimefikiria hata kulaumu duka la Eastleigh lililoniuzia kitambaa. Hapo ndipo nilipojidharau kweli kweli, kuliko nilivyowahi kumdharau mtu mwingine yeyote, na nimewadharau wengi.

Yule fundi angeweza kunirudishia somo langu pale pale, juu ya ngazi, mbele ya mteja. Mimi ningefanya hivyo. Ningefanya huku natabasamu.

Gundi bado ni upuuzi. Hapo silegezi.

Lakini kesho asubuhi naenda Donholm kulishusha lile pazia, na kabla sijapanda ngazi nitamwambia Mama Sheila kwamba jicho lake halina shida yoyote.