Mwambie Mureithi Arudishe Breki ya Mbele

Kitengela,
Upande wa machimbo ya mawe,
Alhamisi, 9 Januari 2025.

Mpendwa ndugu yangu Njogu,

Pokea salamu zangu mimi dada yako Waruguru. Kabla ya lolote, mgongo wako unaendeleaje? Na joto la huko Moyale, mmeshazoeana au bado mnapigana? Chakula unapika mwenyewe au unakula hotelini kila siku? Nakujua, ukiachwa peke yako unaishi kwa chai na mkate.

Sisi huku mwili uko sawa, tunamshukuru Mungu. Goti langu la kushoto linanisumbua nikiinama kupanga mboga kibandani, lakini hilo ni la umri. Kuku wanataga vizuri. Githongo, mwanangu mkubwa, bado yuko Kware na kazi yake ya kupaka rangi nyumba. Kanisani wanakuulizia, hasa wale akina mama waliokuwa wamekutafutia mchumba ukawatoroka.

Najua unashangaa kuandikiwa barua siku hizi. Simu yako nimeipiga tangu Krismasi mpaka kidole kikachoka. Siku nyingi imezimwa, na ikiwa imewashwa hushiki, kwa sababu ukiona namba yangu unadhani nataka kukuuliza utaoa lini. Leo sikuulizi. Oa ukitaka, kaa ukitaka. Nina jambo lingine kabisa, na nimeliandika ili usinikatize kwa mzaha kama kawaida yako.

Mvua imeisha, Njogu. Ulituacha mwezi wa Novemba tukivuka uwanja kwa kurukia mawe, gumboot zikibaki kwenye matope na mguu ukitoka mtupu. Sasa jua limerudi. Ule udongo mweusi umekauka ukapasuka, nguo zinakauka kabla ya saa sita, watoto wanacheza nje. Kila mtu anafurahi. Mimi tu ndiye ninayelitazama jua hili kama ninavyowatazama askari wa kanjo wakishuka kwenye gari lao kuvunja vibanda.

Wakati wa mvua vijana wa boda walikuwa wanaanguka kila siku, lakini walianguka polepole, kwenye matope, wakainuka wakicheka. Sasa lami ni kavu na wanakimbia. Malori ya machimbo yamemwaga changarawe barabarani na hakuna wa kuifagia. Mashimo yaliyochimbwa na mvua yamejaa vumbi, huyaoni mpaka umeingia. Helmeti wamezivua kwa sababu ya joto, wamezitundika kwenye kioo kama mapambo.

Jumamosi iliyopita tulimzika Katoo. Unamkumbuka, yule mrefu wa steji ya mwanangu Mureithi, aliyekusaidia kupakia mizigo yako siku ile unaondoka. Alikuwa anatoka Isinya, barabara ya Namanga, mchana kweupe. Lori la mawe lililokuwa mbele yake likasimama ghafla. Yeye akakanyaga breki ya nyuma, pikipiki ikateleza kwenye changarawe, ikaingia naye chini ya lori. Breki ya mbele hakuwa nayo. Alikuwa ameifungua tangu mvua, kama wenzake wote.

Nafikiri sasa umeanza kuelewa kwa nini nakuandikia wewe.

Hii desturi ya kufungua waya wa breki ya mbele mvua ikianza, mimi siipingi. Nimeishi Kitengela miaka ya kutosha. Najua mtu akiishika ile breki kwenye utelezi, gurudumu linaponyoka na anajikuta amelala. Najua pia kwamba madigadi ya mbele, ile ya juu ya gurudumu, inatolewa ili matope yasikwame. Lakini wewe mwenyewe, miaka yote uliyokaa kwangu, siku ya kwanza ya barabara kukauka ulikuwa unakaa nyuma ya nyumba na spana yako, unaurudisha ule waya, unaukaza, unaujaribu, unaukaza tena. Chai ilikuwa inapoa hapo kando yako. Nilikuona kwa macho yangu.

Mureithi hakukuona. Alikuwa Kware kwa kaka yake miaka hiyo. Ulipomwachia pikipiki Oktoba, mvua ilikuwa imeanza kunyesha. Ukamfundisha kuendesha matopeni, ukamfungulia waya, ukaukunja na kuufunga kwa mpira wa tyubu, ukamwambia asiuguse. Halafu kazi ya gereji ikatokea, ukaenda zako mvua ikiwa katikati. Sehemu ya kufungua ulimpa. Sehemu ya kurudisha uliondoka nayo.

Na sasa hakuna wa kumwambia kitu. Mvua ile yote steji nzima ilianguka, yeye hakuanguka hata mara moja. Kwa hiyo neno lako amelifanya amri. Nikimwambia, ananijibu hivi: "Mathe, hii stori tulimaliza. Anko alisema breki ya mbele ni ya kuua watu. Kwa matope sikuanguka, sasa nianguke kwa lami? Barabara imekauka, wasiwasi ni ya nini?" Nikimtajia Katoo, ananiambia Katoo aliuawa na lori, si breki.

Jumanne nilipanda nyuma yake kwenda Isinya kuchukua vitunguu. Nilitaka kujionea. Kule kwenye uwanda upepo ulikuwa unatusukuma kutoka upande, lori likipita tunayumba. Mbele yetu ng'ombe wakaanza kuvuka barabara, mchungaji ameinua fimbo kutuonya, na walikuwa mbali, Njogu, mtu mwenye breki mbili angesimama na kuwasubiri kwa raha. Mureithi akakanyaga ya nyuma. Mkia wa pikipiki ukaenda kulia, ukaenda kushoto, akashusha miguu yote miwili akiiburuta kwenye lami. Tulisimama tumelala upande, mkia wa ng'ombe uko hapa usoni kwangu. Akageuka akacheka, akaniambia, "Si umeona imeshika?" Nilishuka nikarudi nyumbani kwa gari, vitunguu nikaviacha. Nikaapa sitapanda tena kile chombo mpaka kufa kwangu.

Fundi Kasyoki amerudi kutoka kwao Ukambani. Alikuwa ameenda Krismasi, na ndiye Katoo alikuwa anamngoja amrudishie waya wake. Tangu mazishi hana raha, anapita steji akiwabembeleza vijana mmoja mmoja. Wengine wamekubali. Alikuja mpaka hapa nyumbani na waya mpya mkononi, nikamtilia chai. Mureithi alimshukuru kwa heshima zote, akamwambia ampelekee mwingine anayeuhitaji.

Nimejaribu kila kitu. Nilificha ufunguo, akachonga mwingine sokoni. Nilimwita mchungaji wa kanisa aje amkanye, na mchungaji badala ya kumkanya akaiombea pikipiki, akaiwekea mikono. Sasa Mureithi anasema iko na ulinzi wa juu. Ningecheka kama ningekuwa na nguvu za kucheka.

Jana nilimpigia magoti. Mimi mama yake, mbele ya mke wake, nilipiga magoti sakafuni nikamshika miguu. Ana jina la baba yetu, Njogu, tangu azaliwe namwita baba, na nikamwambia, baba, nakuomba. Alishtuka, akaniinua, machozi yakamtoka. Akaniambia, "Usinifanyie hivyo, mathe." Halafu akavaa koti lake nyuma mbele kama wanavyovaa, akaiwasha, akaenda kazini. Nilibaki nimesimama mlangoni nikiisikiliza mpaka ikapotea.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Jumapili hii, baada ya kanisa, anawapeleka mkewe Namunyak na mtoto kwao Kajiado. Mama yake Namunyak hajamwona mjukuu tangu azaliwe, kwa sababu ya mvua na barabara, na sasa wamesema anga limefunguka, waje. Watapanda wote watatu, Namunyak nyuma na mtoto mgongoni mwake, na kilo za sukari na blanketi la mkwe mbele kwenye tangi. Njia yote mpaka Kajiado, kwa breki moja. Huyo mtoto anaitwa Waruguru. Ni mimi huyo. Bado hata hajaota jino.

Nimewaambia wapande gari, nauli natoa mimi. Mureithi anasema mwanaume mwenye pikipiki yake hawezi kushusha mke na mtoto steji ya magari huku shemeji zake wanatazama. Lemayian, ndugu yake Namunyak, ameshamwambia kwa simu kwamba wanaingoja kuiona hiyo pikipiki. Unaona tulivyofika? Watu wanapanga foleni kuiona.

Namunyak mwenyewe haogopi. Ni msichana mzuri, Njogu, ananiita yeyo kama anavyomwita mama yake mzazi, na kila asubuhi ananisalimia kabla sijafungua mlango vizuri. Nilipomwambia naogopa alinishika mkono akasema, "Usijali, yeyo, mimi nitamshika kwa nguvu." Ameshafua shuka la kumbebea mtoto, limeanikwa hapo nje. Nikilitazama nataka kupiga mayowe.

Kwa hiyo nakuomba, mwana wa mama yangu. Mpigie Mureithi. Usimtukane, usimtishie, akitishiwa anakuwa mgumu kama wewe. Mwambie tu kwamba ule waya unafunguliwa kwa ajili ya matope, na matope yakiisha unarudishwa. Mwambie wewe ulikuwa unaurudisha. Mwambie kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki, hiyo ya nyuma inasaidia tu. Kasyoki anasema ni kazi ya muda mfupi, na waya ameuacha hapa kwangu, uko juu ya kabati.

Ukimaliza hilo, mwambie na mengine. Avae helmeti hata kama jua linachoma, na ile ya Namunyak aifunge kamba, si kuiweka kichwani kama sufuria. Aache nafasi nyuma ya malori. Apunguze mwendo akiona changarawe. Na mtoto asipande kabisa, mtoto apande gari na mama yake, yeye awafuate na sukari yake. Lakini ukiona hasikii yote, shikilia hilo la waya. Kwangu mimi amekataa, kwa mchungaji amekataa, kwa kaka yake amekataa. Wewe hatakukatalia, kwa sababu ni neno lako analolishika.

Barua hii anakuletea Siyad, yule mfanyabiashara wa mbuzi wa soko la Kajiado aliyekutafutia hiyo kazi. Anapanda basi leo jioni na amesema lazima apite hapo gereji kwenu. Nimemwomba akusimamie mpaka usome yote, na akupe simu yake kama yako haina chaji. Mwenzetu huyo ana watoto, nilipomweleza hakuniuliza maswali. Mkewe Fardosa ndiye aliyeniambia niandike, baada ya kunikuta nalia kibandani wateja wakinitazama.

Githongo anakusalimia sana, na Kasyoki pia. Mama yake Katoo nilimwona jana, amekaa tu, hajui hata nani ameingia nani ametoka. Nilipotaja jina lako ndipo akaniambia nikusalimie, kwa sababu anakumbuka ulivyokuwa ukicheka na mwanawe. Msalimie mwenye gereji yako na wote mnaokaa nao huko.

Sijui kama hii itakufikia kwa wakati. Nimeshaamua jambo, na ni wewe tu ninayekuambia. Jumapili ikifika na ule waya ukiwa bado uko juu ya kabati, nitawafungia Namunyak na mtoto chumbani kwangu, hata wakinichukia, na nitapanda mimi nyuma ya pikipiki ile mpaka Kajiado. Kwa mkwe nitaeleza mwenyewe kwa nini nimekuja mimi na si mjukuu. Nikiwa nyuma yake labda atakwenda polepole. Na asipokwenda polepole, hatakuwa peke yake barabarani, atakuwa na mama yake.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na usingizi mzuri, na aifanye sauti yako ifike masikioni mwa huyu mtoto wetu kabla ya Jumapili.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,
Waruguru.