Mashavu ya Kusikiliza Siri

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Bado nasikia ule mlio wa dada akikata uzi kwa meno, tak! Nyumba nzima ilijua gauni limekwisha.

Siku hizi mimi ndiye ninayemtungia uzi kwenye sindano.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitutania mbele ya kioo chako? "Mashavu ya ukoo wetu yameingia ndani kusikiliza siri za ulimi!" Tulicheka mpaka machozi. Kumbe dada neno lile lilimkaa moyoni. Alikwenda kliniki, wakamtoa mafuta pajani, wakamdunga usoni ili mashavu yajae. Mafuta kidogo yakaingia kwenye mshipa wa damu, yakaziba njia ya jicho la kulia. Daktari anasema hutokea kwa nadra sana. Jicho hilo halitaona tena.

Alinikataza kukwambia. "Shangazi atadhani utani wake ndio ulionipofusha." Usidhani hivyo. Natamani ungekuwa hapa ututanie tena.

Mimi pia nilikuwa nimejiandikisha, nimfuate. Jana nilikwenda kliniki nikafuta jina langu. Mashavu yangu nimerudi nayo nyumbani, na bado yanasikiliza.

Mwanao,
Kitindamimba