Matone Chini ya Ulimi

Jumanne, 6 Juni
Jioni imefika na mama kaanza tena. Kanipiga kwa mwiko, kaniita mwizi, kataka kwenda kwao – na kwao ni hapa hapa! Kaka Withun kapiga simu kutoka Bangkok. Kama nimeshindwa, anasema, mama alazwe hospitali. Kaka yangu hujua kila kitu kwa simu. Wazee wenye Alzaima, ugonjwa wa kusahau kama wa mama, hospitalini hufungwa mikono na vitambaa kitandani, nimewaona mwenyewe. Sitaki mama afungwe. Basi, ni hilo tu.

Leo kliniki wamenipa mafuta ya CBD. Yanatoka kwenye bangi, ila hayalevyi. Matone mawili chini ya ulimi, asubuhi na jioni. Daktari hakunidanganya: hayaponyi, huenda yakamtuliza, huenda yasifanye kitu. Na nisichanganye na kingine chochote.

Jumamosi, 10 Juni
Kalala. Nami nikalala!

Asubuhi kafinyanga tonge la wali wa kunata mwenyewe, akawapa watawa wa Kibudha waliopita kupokea sadaka. Jina langu halijui bado. Naogopa kufurahi.

Jumapili, 18 Juni
Dada Kamphong kaja kututembelea. Nimetoka kwenda sokoni, narudi nakuta kapika mchuzi wa kuku kwa majani ya bangi ya pale uani. Majani tu, ningenyamaza, ndivyo tulivyokula tangu utotoni. Lakini katia na maua, ndiyo yanayolevya, tena mkono wazi. Mama kamaliza mabakuli mawili.

Nikamuuliza dada, umetia maua ya nini?

“Si mmea ule ule unaomdondoshea, mdogo wangu? Wewe unampa tone, mimi nimempa shibe.”

Alasiri mama akamwona marehemu baba chini ya nyumba yetu ya nguzo, kalowa, analia. Moyo wake unakwenda mbio, naushika kifuani nausikia. Akajitupa ngazini kumfuata baba. Tukamkimbiza hospitali. Dada kalia njia nzima, hata kumgombeza nimeshindwa.

Jumatano, 21 Juni
Wamemfunga. Mikono yote miwili. Eti anang’oa dripu.

Kaniuliza kwa adabu kabisa, kama anavyoulizwa mtu wa ofisini: “Samahani bibi, nimeiba nini?”

Nikasema hujaiba kitu, mama. Akasema basi nifungue. Muuguzi alikuwa amesimama pale. Sikumfungua.

Jumapili, 25 Juni
Tuko nyumbani. Dada kaita wazee waje kumfunga mama uzi mweupe mikononi. Roho zake, maana kwetu mtu ana nyingi, zimepotelea kule hospitali, anasema, lazima ziitwe zirudi mwilini. Kweli, kila mgonjwa wa hapa hufanyiwa hivyo, na mimi mwenyewe nimesuka mapambo ya majani ya migomba kwa sherehe hiyo tangu alfajiri. Kuhusu ule uzi sikufikiria hata kidogo. Mjinga mimi!

Mzee Bunthan kashika uzi, kamwambia kwa upole, “Lete mkono, mke wa rafiki yangu.” Mama kauona ule uzi. Kaikalia mikono yake. “Sijaiba,” anasema. “Sijaiba, sijaiba.” Dada kajaribu kuuvuta mkono mmoja, kaumwa.

Kaka Withun safari hii kaja mwenyewe, na shati lililopigwa pasi. Kaninong’oneza: “Si una mafuta yako? Mpe mengi atulie. Watu wametoka mbali.”

Nimesema nakwenda kuyaleta. Niko jikoni, naandika haya nimesimama. Chupa ninayo. Matone ya jioni bado saa nyingi. Haya ya sasa ni ya mama, au ya wageni? Nampa nani dawa?

Wananiita. Naitika, nakuja – siendi.

Mama kanifuata huku jikoni peke yake. Mikono kaificha kwapani. Kaiona chupa, kafungua mdomo, kainua ulimi bila kuambiwa. Halafu kaufunga mdomo kidogo, akaniuliza:

“Nikinywa, mtaniachia mikono?”