Mzamiaji Asiyetoa Mapovu

Mume wangu Ipyana,

Mkeo mzee wa Mafinga nakusalimu, mjukuu wangu. Tu wazima. Babu yako bado anakohoa vumbi la mbao na bado anabisha.

Umeniuliza kama naogopa wewe kupiga mbizi na mashine ya kujiongezea oksijeni mwenyewe. Nilipokuwa msichana niliwapikia wazamiaji kule Matema, Ziwa Nyasa. Siku moja, mtumbwini, nilishikishwa kamba aliyofungwa Tuli, dada mwenye mashine kama yako. Alipozama sikuona povu hata moja. Nikajua amekufa, nikavuta kamba huku nikilia.

Akaibuka. "We dada, unavuta ng'ombe?"

"Si hupumui!"

"Napumua. Pumzi yangu inasafishwa humu, naivuta tena. Oksijeni ikipungua, nabonyeza hapa."

"Na ukisahau?"

Alirudisha mpira wa mashine mdomoni, akatazama kipimo, akabonyeza, akatazama tena, ndipo akazama. Nikashika kamba tena, machozi yamekauka.

Naogopa, ndiyo. Kwa hiyo ukiwa majini nisahau kabisa, mume wangu, utazame kipimo. Sitaona wivu. Ukitoka, nipigie.

Bibi yako, bado nimeshika kamba.