Maombi Yaliyomlenga Akinyi

Mjukuu wangu Wanja,

Bwana asifiwe! Hapa mtaani Umoja ni vigelegele tu, dada yako amejifungua mapacha!

Unauliza utamkanyaje rafiki yako bila kumpoteza. Nimecheka! Nikiwa wa umri wako nilimkanya rafiki yangu Akinyi kwenye maombi ya kina mama. Nilifumba macho nikapaza sauti: "Bwana, msaidie Akinyi apunguze ukali kwa watoto!" Wote wakaitikia amina.

Kesho yake akabisha mlangoni. "Nyambura, Mungu alikuwa anajua tayari. Wa kuambiwa nilikuwa mimi."

Nikamwomba msamaha, nikampikia chai. Akainywa, kisha akanitajia makosa yangu mawili huku akinitazama machoni. Na yaliniingia kweli!

Akinyi ndiye huyu hapa, amewapakata mapacha.

Shosho wako,
Nyambura